Kupata Mtindo Wako wa Kuchora Katuni: Mwongozo Kamili kwa Aliyetafuta Akakosa

Swali hili huniijia mara kwa mara, na karibu kila mara linakuja na mchoro wa namna moja: uso wa mhusika mmoja, umegeuka kidogo pembeni, nywele zimechorwa unywele mmoja mmoja, macho yanang'aa, mikono haionekani. Chini yake kuna maneno: "Natafuta mtindo wangu mwaka wa tatu huu. Nifanyeje?"

Unautafuta mahali ambapo haupo. Uso mmoja uliochorwa kwa saa nne hauwezi kukuonyesha mtindo wako. Ukurasa unaweza, kwa sababu kwenye ukurasa unalazimika kumchora mtu yuleyule tena na tena: anakimbia, analia, yuko mbali, amekupa mgongo, na muda wa kuhesabu nywele huna. Unachokiacha na unachokikatalia kuondoka, hapo ndipo mtindo ulipo.

Kazi yote hii inachukua kama wiki nane kwa anayechora saa moja kwa siku. Usiruke hatua. Wengi walioniambia imewashinda, nikiwahoji, nakuta walianzia hatua ya nne.

## Mahitaji

- Karatasi nyeupe za A4, kama mia moja. Zile za kuchapia zinatosha kwa mazoezi. Kwa kurasa za hadithi tafuta nzito, za gramu 160 au zaidi, wino usipenye upande wa pili na karatasi isichanike ukifuta.
- Penseli moja, HB au 2B, na kifutio laini.
- Kalamu mbili za wino usioyeyuka kwa maji: nyembamba ya milimita 0.3 na nene ya 0.8. Au brashi moja ya wino. Usichukue vyote.
- Rula, na simu ya kupimia muda.
- Hadithi ya kurasa nane iliyokwisha kuandikwa, hata kama si nzuri. Ukisubiri nzuri hutaanza.
- Faili au bahasha kubwa ya kutunzia kila karatasi, hata ulizoharibu.

Anayechora kwa tableti achague brashi moja ya programu yake, saizi mbili tu, na asikuze picha kupita mara mbili. Ukikuza sana utajikuta unachora kope za mtu ambaye msomaji ataona kichwa chake kwa ukubwa wa njegere.

Vifaa ni vichache kwa makusudi. Kalamu nayo ina tabia zake. Ukibadilisha kalamu kila wiki, hutajua mstari umebadilika kwa sababu yako au kwa sababu yake.

## Hatua ya 1: Jikague

Kusanya michoro yako ya zamani thelathini. Changanya na ile ya ovyo uliyochora pembeni mwa daftari ukiongea na simu. Hiyo ndiyo ya kweli zaidi, kwa sababu hukuwa unamwonyesha mtu. Itandaze sakafuni.

Chukua karatasi, ugawe safu mbili. Ya kwanza iite HURUDI, ya pili HUKWEPWA. Kwenye ya kwanza andika kila kinachojirudia: shingo ndefu, vidole vyenye ncha, watu wanaoegemea kushoto, mistari inayoanza kwa nguvu na kufifia mwishoni. Kwenye ya pili andika usichowahi kukichora: miguu, viti, watu waliokupa mgongo, umati.

Safu ya pili inauma. Mimi niliiga mchoraji mmoja mwaka mzima, nikawa namfanana hasa. Siku moja jamaa yangu akapekua daftari langu kimya, kisha akauliza, "Hawa watu wako mbona wote wana mikono mifukoni?" Nilirudi kwenye kazi za yule bwana niliyekuwa namwiga. Naye mikono mifukoni, kila ukurasa. Nilikuwa nimerithi udhaifu wa mtu, nikauita mtindo.

Onyo. Usijitetee kwa kusema "ndivyo ninavyochora" kuhusu kitu usichokiweza. Kipimo ni rahisi: kichore sawasawa mara moja, kama kilivyo. Ukiweza, kukiacha ni uamuzi wako. Usipoweza, hilo ni pengo, na mapengo hujazwa kwa kujifunza.

Umefaulu ikiwa una mambo matano au zaidi katika kila safu, na angalau moja limekushangaza.

## Hatua ya 2: Fumua kazi za wachoraji watatu

Chagua wachoraji watatu unaowapenda ambao hawafanani kabisa. Watatu wa shule moja watakurudisha ulipotoka. Kwa kila mmoja nakili ukurasa mzima, pamoja na visanduku vya picha, viputo vya maneno na mandhari. Ukinakili uso tu unajifunza mapambo. Ukurasa unakufundisha alivyoamua.

Ukimaliza, jibu kwa maandishi: mstari wake unanenepa wapi? Pua ya mtu wa mbali inabakia alama ngapi? Weusi anaujaza wapi, na wapi hagusi kabisa? Ni visanduku vingapi havina mandhari? Kisha chora mhusika wako mwenyewe mara moja kwa kila jibu lililokuvutia.

Sababu ya kuandika ni kwamba jicho husifu haraka mno. "Anachora vizuri" hakukusaidii kitu. "Haweki kivuli usoni hata usiku" ni kitu unachoweza kukijaribu kesho asubuhi.

Onyo. Nakala hizi zikae kwenye faili. Usizitie saini yako, usizitume popote kama kazi yako. Na usikae hatua hii zaidi ya wiki moja na nusu. Ule msemo wa anayemwiga tembo na kilichompata msamba unaujua.

## Hatua ya 3: Kiatu kimoja, michoro mitano

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo watu wanayoipita mbio kwa sababu inaonekana ya kitoto.

Weka kiatu cha kamba mezani. Kichore kwa dakika 20. Geuza karatasi, kichore kwa dakika 5. Kisha dakika 1. Kisha sekunde 20. Halafu kifunike kwa nguo na ukichore kwa kumbukumbu.

Nikueleze changu kilivyokwenda. Kwenye mchoro wa kwanza kulikuwa na matundu kumi na mawili ya kamba, mshono wa pembeni, mikunjo pale vidole vinapojikunja, na soli iliyolika upande wa nje wa kisigino. Kwenye wa dakika 5 mshono ulitoweka na matundu yakabaki sita. Dakika 1: matundu hakuna, kamba imekuwa mstari wa kwenda na kurudi, lakini kisigino kilicholika bado kipo. Sekunde 20: umbo la nje, fundo la kamba, kisigino. Wa mwisho, wa kumbukumbu, ulikuwa na fundo kubwa kama kipepeo na kisigino kilicholika kuliko kile cha kweli, hata kiatu kikaonekana kimeinama kama mzee.

Rafiki yangu alikichora kiatu hichohicho tukiwa tumekaa upande kwa upande. Mchoro wake wa tano haukuwa na fundo wala kamba. Ulikuwa na mikunjo mitatu mbele, na mdomo wa kiatu uliopanuka kana kwamba unasubiri mguu. Viatu viwili tofauti kabisa kutoka kwenye kiatu kimoja, na hakuna kati yetu aliyekaa akapanga iwe hivyo.

Hiyo ndiyo kazi ya saa: inakulazimisha uchague kabla hujapata nafasi ya kujifanya mtu mwingine. Na kumbukumbu hukuza kile ulichokiona kweli na kutupa ulichokiangalia tu. Mchoro wa tano ni wako kwa sababu hukuwa na pa kuuazima.

Endelea hivyo siku kumi na mbili, kitu kimoja kwa siku: mkono ulioshika kikombe, sikio, kiti, mti, mtu anayepanda ngazi, mtu aliyesinzia, nguo iliyotundikwa. Vile vya safu ya HUKWEPWA visikosekane.

Onyo. Usianzie mchoro wa tano. Kurahisisha kitu ambacho hujawahi kukitazama ni kurudia ile nyumba ya mraba na pembetatu tuliyoichora sote utotoni.

Umefaulu ikiwa mtu asiyejua zoezi hili anakitambua kila kitu kwenye michoro ya tano, na ukiipanga kumi na miwili pamoja inaonekana ni ndugu wa tumbo moja.

## Hatua ya 4: Andika kanuni zako kwenye karatasi moja

Sasa uko tayari kuamua. Tandaza michoro ya tano yote, ujibu haya kwa sentensi fupi za amri.

Urefu wa watu. Mtu mzima wa kweli ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu. Mashujaa wa mapigano mara nyingi huchorwa vichwa vinane. Katuni za kuchekesha hushuka hadi vitatu, hata viwili. Acha hadithi iamue. Kama mambo yako yote yanatokea usoni, kichwa kikubwa kinakupa uso mkubwa hata kwenye kisanduku kidogo. Kama watu wako wanakimbia na kurushana, wape miguu.

Mstari. Ni wa unene mmoja au unanenepa na kukonda? Unene mmoja humweka mtu na mandhari kwenye usawa, na unapendeza pale mahali palipo muhimu kama watu. Mstari unaobadilika huvuta jicho kule uliko mnene na kutoa uzito, hasa ukiunenepesha chini ya vitu na upande wa kivuli.

Uso. Hesabu alama. Macho ya nukta mbili yanakubalika, ila ujue kwamba umehamisha kazi yote ya hisia kwenda kwenye nyusi, mdomo na mabega. Kadiri alama zinavyopungua ndivyo kila moja inavyobeba zaidi: nyusi ikisogea milimita moja, mtu amebadilika kutoka mwenye huzuni kuwa mjinga.

Weusi. Utaujaza wapi: nywele, nguo, vivuli, au hutaujaza popote? Fumba macho nusu ukitazama ukurasa. Ukiona ukungu wa kijivu mtupu, hujaamua.

Mandhari. Mimi huchora mahali pote, kwa ukamilifu, kwenye kisanduku kimoja cha kila ukurasa. Vingine vinakumbusha tu: ukingo wa mlango, taa, nusu ya dirisha.

Kanuni zako zinaweza kusomeka hivi: "Watu wazima vichwa vitano na nusu. Pua mstari mmoja, haina matundu. Weusi kwenye nywele na viatu pekee. Mikono huonekana, mifuko ni marufuku." Zisizidi kumi.

Onyo. Usiweke kanuni usiyoweza kuitii mara arobaini. Niliwahi kumvika mhusika mkuu shati la maua, nikajiona fundi. Ukurasa wa kwanza nilichora kila ua na majani yake. Kufika wa tatu maua yalikuwa miduara. Wa sita, kijana wa watu alionekana kama mwenye ndui.

## Hatua ya 5: Karatasi ya mhusika

Kwa kila mhusika mkuu chora mbele, pembeni, robo tatu (amegeuka kidogo tu) na mgongo, vyote kwa mistari ya mlalo inayopita utosini, machoni, mabegani na magotini ili vipimo visicheze. Ongeza sura sita: furaha, hasira, hofu, huzuni, mshangao, uchovu.

Kisha wajaze wote wino mweusi tupu, bila macho wala nguo. Mwombe mtu awatofautishe. Akishindwa, usiongeze kofia, badilisha umbo. Mmoja awe wa mraba, mwingine kama pea, mwingine fimbo.

## Hatua ya 6: Kurasa nane bila kurudi nyuma

Panga visanduku vinne hadi sita kwa ukurasa. Chora rasimu ndogo za kurasa zote nane kwanza, kila moja kwa ukubwa wa kadi ya karata. Kisha ukurasa mmoja kila siku mbili: penseli, wino, basi.

Sheria ni moja, nayo ni ngumu: usirudi kurekebisha ukurasa uliokwisha kutiwa wino. Utatamani sana. Ukifika wa nne, wa kwanza utakutia aibu, na hapo ndipo wengi huanza upya, wakaanza upya tena, wakawa na ukurasa wa kwanza mara tisa na wa pili hakuna hata mmoja.

Sababu ya ukali huu ni kwamba kuanzia ukurasa wa nne au wa tano mkono unaanza kuchoka na kubuni njia za mkato. Sikio linakuwa mkunjo mmoja. Mikono inapata umbo lake. Hukuzipanga njia hizo, ila ni zako kuliko chochote ulichokipanga, na anayeanza upya kila mara hazifikii.

Ukiona njia ya mkato imejitokeza mara tatu, iandike kwenye karatasi ya kanuni kwa penseli. Usiichunguze sana kwa sasa.

Umefaulu ikiwa ukurasa wa nane haufanani na wa kwanza, lakini mtu hana shaka kwamba ni mhusika yuleyule na mkono uleule.

## Hatua ya 7: Usisahau maneno

Herufi nazo ni mchoro. Nimeona kurasa nzuri zimeharibiwa na herufi za kompyuta zilizobandikwa kama tangazo la mnada. Ukiandika kwa mkono, piga mistari miwili myepesi kwa rula, andika herufi kubwa, na wino wake uwe wa unene unaokaribiana na mstari wa nyuso zako.

Andika maneno *kabla* ya kuchora watu, kisha zungushia kiputo. Kwa Kiswahili hili halikwepeki, kwa sababu neno letu moja hubeba sentensi nzima. "Hawatatushughulikia" ni neno moja, na kwenye kisanduku chembamba litasukuma kichwa cha msemaji nje ya ukurasa. Likibidi kukatwa, likate mwisho wa silabi: hawata-tushughulikia, kamwe si hawatat-ushughulikia. Bora zaidi, badilisha usemi: "Hawa? Watupuuze tu!"

Umbo la kiputo liingie kwenye kanuni pia. Duara, mraba wenye pembe laini, au kisicho na mstari kabisa: chagua kimoja.

## Hatua ya 8: Jaribio

Punguza kurasa zako kutoka A4 hadi A5. Mstari wa 0.3 unashuka hadi kama 0.21, na mistari iliyokaribiana inaanza kuungana. Mahali palipoziba panakuambia ulichora kingi mno. Fanya hivyo pia kwenye simu, uishike kwa umbali wa kawaida.

Kisha kata visanduku vitano vyako ambavyo havionyeshi uso: mkono, mlango, watu kwa mbali, mguu, anga. Vichanganye na vitano vya wachoraji wengine. Mpe mtu aliyesoma hadithi yako achague vyako. Akipata vinne, una mtindo. Akipata viwili, mtindo wako bado unaishi kwenye nyuso tu. Rudi hatua ya tatu na ufanye vitu visivyo na uso.

## Pale watu wanapokwama

*"Napenda mitindo miwili, nichague upi?"* Mfaransa Jean Giraud alitia saini ya Gir kwenye hadithi zake za Marekani ya zamani, na ya Moebius kwenye za kinjozi, kila moja na mkono wake. Inawezekana. Lakini maliza kurasa nane kwa mmoja kwanza.

*"Mkono wangu unatetemeka."* Charles Schulz alichora katuni ya magazetini tangu 1950 hadi 2000, na miaka ya mwisho mkono ulimtetemeka hata mistari ikaonyesha. Wasomaji hawakumkimbia. Ukiwa na mstari unaotikisika, usiupitie mara ya pili kuunyoosha. Mistari miwili inayotikisika ndiyo mbaya.

*"Nimefuata yote, watu wanasema bado nafanana na fulani."* Waulize wapi. Wakisema macho, badilisha macho peke yake kwa kurasa nne, ukitumia michoro ya tano ya macho halisi ya watu wa nyumbani kwako. Kufanana huwa kumejificha sehemu moja au mbili, sio mwili mzima.

*"Nianze lini kubadilisha kanuni?"* Baada ya kila hadithi, moja tu kwa mara moja, na uandike tarehe pembeni. Zile ulizoziandika kwa penseli kwenye hatua ya sita ndizo za kwanza kuangaliwa. Karatasi yangu ya kanuni imefutwa na kuandikwa juu mpaka imetoboka katikati. Ile ya mifuko haijawahi kuguswa.